Kinu cha Askofu, Mashine ya Muhidin

Kalembwe, Sumbawanga
14 Novemba 1993

Kaka Polikarp,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo ili usije ukawaambia Wajerumani kwamba Isdori hana adabu. Adabu ninayo, ila naitoa kidogo kidogo kama chumvi.

Sisi huku wazima. Mama yako, mama mkubwa Epifania, ni mzima. Goti linamsumbua akipanda kilima na mzigo kichwani, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Dada yangu Fortunata amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya lori lililokwama. Mvua zimeanza. Tangu tulipomaliza matanga ya baba mkubwa Alfonsi, na wazee wakakutaja wewe mzaliwa wake wa kwanza kuwa mrithi ungali huko huko mbali, mji umetulia. Watu wanauliza: huyu mrithi wetu atakuja lini tumwone? Nawajibu, anasoma upadre, akimaliza atawarithi na dhambi zenu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mimi, kama unavyojua, niliishia kidato cha pili. Walisema nimefeli shule, mimi nasema shule ndiyo ilinifeli mimi. Lakini mashine! Nipe injini iliyokufa, nitaisikiliza, nitaipigapiga, itaamka na kuomba chakula. Muhidin wa Mazwi, yule mwenye duka la vipuri, ameliona hilo. Amenunua mashine ya kusaga huko Tunduma, mpya, bado ina grisi ya kiwandani. Siku hizi biashara ruksa. Anataka kuifunga Kalembwe, na mwendeshaji ni mimi hapa, mdogo wako.

Pa kuifunga ni kile kiwanja cha baba mkubwa kando ya barabara, kinachopakana na uzio wa parokia. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Nestory, amesema hana neno, ila kiwanja ni cha mrithi, na mrithi ndiye wewe. Andika mstari mmoja tu: "Nimeruhusu." Basi.

Unajua hali ya hapa. Mashine ni moja, ya parokia. Mama zetu wanapanga foleni tangu umande, na katekista Adolfu akishika ufunguo anaanza kuuliza: wewe ulikuja kufyatua matofali ya parokia? Hukuja? Rudi nyuma. Mama mkubwa na goti lake amesharudishwa nyuma mara ngapi, mimi sisemi.

Mstari mmoja, kaka.

Ndimi mdogo wako, fundi asiye na cheti,
Isdori

*

Würzburg
6 Januari 1994

Mpendwa Isdori,

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote. Barua yako ilinifikia ikiwa na harufu ya moshi wa nyumbani, nikashukuru. Mpe Fortunata pongezi. Leo ni sikukuu ya Epifania, siku ya jina la mama yangu. Nimemwombea kanisani asubuhi hii. Theluji imefika magotini.

Mimi niko salama na masomo yamekolea. Ninaandika juu ya maaskofu watawala. Ni jambo ambalo huko nyumbani hatukufundishwa. Kwa mamia ya miaka mji huu na vijiji vyake vilitawaliwa na askofu ambaye alikuwa pia bwana wa nchi: alihukumu, alitoza kodi, alikuwa na askari. Katika kanisa kuu nimesimama mbele ya kaburi la mmoja wao. Amechongwa kwenye jiwe, mkono mmoja ameshika fimbo ya kichungaji, mkono wa pili upanga. Maaskofu wakuu watatu wa nchi hii walikuwa hata na kura ya kumchagua mfalme. Jumba lao lina ngazi pana ajabu, na juu yake dari imechorwa mabara ya dunia. Afrika ni mwanamke aliyeketi juu ya ngamia.

Na kwa kuwa unapenda mashine, nikuambie hili: katika sehemu nyingi za nchi hizi mkulima alitakiwa kusaga nafaka yake kwenye kinu cha bwana wake tu. Aliyepeleka kwingine aliadhibiwa. Leo tunaweza kuona ni ukali, lakini msomi hana budi kuelewa: kujenga kinu kulikuwa na gharama, na utaratibu ule uliwaletea watu utulivu.

Kuhusu kiwanja. Nimetafakari na kusali. Kibaki kama kilivyo. Kijiji kimeshahudumiwa na parokia, na kuleta mashine ya pili mlangoni mwa kanisa, tena ya mfanyabiashara wa mjini, ni kupanda magugu. Nitamwandikia Paroko ajue msimamo wangu.

Wewe bado kijana. Tafuta chuo cha ufundi, upate cheti.

Kaka yako katika Kristo,
Frater Polikarp

*

Kalembwe
20 Februari 1994

Kwa Mtukufu Polikarp wa Kwanza, Askofu na Mtawala wa Kalembwe na Vitongoji Vyake, Mlinzi wa Mashine ya Paroko,

Nabusu pete. Ukivaa upanga uwe mwangalifu usijikate, ulikuwa huwezi hata kuchinja kuku.

Habari za nyumbani: Fortunata mzima, mtoto ameitwa Rahel. Mama mkubwa alichekeshwa sana na yule mwanamke wa Afrika. Akasema, "Ngamia? Nani Ufipa amemwona ngamia? Wangemchora na mzigo wa mahindi kichwani, ningejua ni mimi."

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa furaha, maana umenifundisha bure kitu ambacho hata chuo chako cha ufundi kisingenifundisha. Kumbe yanayotupata yana jina! Kumbe wakulima wa Kijerumani nao walirudishwa nyuma ya foleni! Nimewasomea watu pale kilabuni. Mzee Yonas akauliza, "Na hao Wajerumani bado wanasaga kwa askofu?" Nikamwambia waliacha zamani, sasa ni sisi tu.

Kaka, wewe umesoma mpaka umepita. Wazee wetu hawakusoma, lakini walijua kugawa. Mwene, mtawala wetu, alikaa na mikuki yake, mwenye kijiji cha Milansi alikaa na matambiko yake, na huyu hakugusa cha yule. Ninyi mnataka mtu mmoja ashike vyote, halafu mnaita utulivu.

Paroko barua yako imemfikia. Jumapili akatangaza altareni: "Mashine mbili kijiji kimoja ni mbwa wawili kwenye mfupa mmoja." Mzee Yonas akakohoa huko nyuma, akasema, "Sasa Paroko, mfupa ni nani? Ni sisi?" Kanisa zima likainama kuficha meno. Mimi sikuficha. Nina meno mazuri.

Tukasikia Paroko anataka kuzungushia uzio kiwanja chetu, "kukilinda mpaka mrithi arudi". Ndipo Isdori asiye na cheti alipofanya kazi ya kichwa. Unakumbuka ntumba, yale matuta yetu, au theluji imeshafuta? Majani unayakusanya, unayafunika udongo, juu unapanda maharage. Mwaka wa pili unayatawanya na kupanda ulezi. Na sheria ya huku unaijua: aliyelima ntumba haondolewi shambani mpaka avune ulezi wake, hata shamba likiwa la Mwene mwenyewe. Basi nikapika pombe, nikaita akina mama. Kwa siku moja kiwanja kizima kimejaa ntumba, zimejipanga kama waumini. Katikati nimeacha nafasi ya kibanda cha mashine.

Sasa Paroko alete uzio wake, tuone atawaambia nini wanawake wenye majembe.

Nasubiri ule mstari mmoja.

Mtwana wako,
Isdori

*

Würzburg
10 Aprili 1994

Isdori,

Nimepokea matusi yako. Nayaita matusi kwa sababu ndivyo yalivyo, ingawa umeyapaka asali ya utani.

Uliisoma barua yangu kilabuni. Barua ya mtu kwa ndugu yake, mbele ya walevi! Paroko ameniandikia akieleza yote, pamoja na kicheko kanisani wakati wa misa. Nimeona haya mbele ya mwalimu wangu siku ile, ingawa hajui hata Kalembwe iko wapi.

Kwa kuwa unapenda historia, pokea na hii. Mwaka 1525 wakulima wa nchi hii walichoka, wakaungana, wakamzingira bwana wao kwenye ngome yake ng'ambo ya mto. Nami naiona ngome hiyo kutoka dirishani ninapoandika. Walicheka kama mnavyocheka ninyi. Hawakuipanda. Wakaja askari, wakawavunja, na baadaye askofu akazunguka vijiji vyake, na kila alipofika vichwa vilianguka. Sikwambii haya kwa kuwa nayafurahia. Nakwambia ujue kwamba anayewapandisha watu kilima bila kujua watashukaje ana damu yao mikononi.

Nimemaliza jambo hili. Kwa mamlaka niliyopewa na wazee, nimemwandikia Paroko kwamba kiwanja cha baba ni mali ya parokia tangu leo. Ntumba zenu mtazungumza na mwenye shamba mpya.

Ukijibu, jibu kwa heshima. La sivyo usijibu.

Frater Polikarp

*

Kalembwe
30 Mei 1994

Kaka,

Najibu kwa heshima, nimevua hata kofia. Fortunata na mtoto wazima. Maharage yamebeba. Baridi ya kipupwe imeanza, tunalala tumejikunja kama funza.

Katika barua yako nimetafuta neno moja, nimeigeuza karatasi mbele na nyuma: habari za mama yako. Hukuuliza. Umewauliza waliokufa mwaka 1525, mama yako hukumuuliza. Na kingine hukukisema, nikisemee mimi: kwamba mwakani unapewa upadre, na anayetakiwa kuandika kwamba unafaa ni Paroko wetu. Mbona uliruka hapo, msomi? Au hapo historia haijafika?

Barua yako ya kutoa kiwanja Paroko aliisoma mwenyewe mbele ya watu baada ya misa. Mama mkubwa alikuwa kiti cha mbele. Alipofika pale pa "ntumba zenu mtazungumza na mwenye shamba mpya", watu wakamgeukia yeye. Hukujua? Katikati ya kiwanja, ntumba kubwa kuliko zote ni za kwake. Alikuja na jembe la kwanza siku ile, na goti lake hilo hilo.

Hakulia. Akanikamata mkono hapo hapo mlangoni mwa kanisa, akaniambia, "Twende ukaandike." Yanayofuata ni yake. Anasema kwa Kifipa, mimi natia Kiswahili, na ameniahidi kofi nikiongeza hata nukta.

"Polikarp mwanangu. Nimesikia maneno yako kwa mdomo wa mtu mwingine, nimekaa kati ya watu. Hicho kiwanja baba yako alikisafisha mawe akiwa na homa. Umekitoa, hukuniambia. Mimi mambo ya huko siyajui. Isdori ananisimulia juu ya askofu wa jiwe, mkono huu fimbo, mkono huu upanga. Nimefikiri sana. Mtu huyo mama yake akianguka, atamwinua kwa mkono upi? Mimi naanguka, Polikarp. Goti linanitupa. Kama unataka altare, nenda nayo, nitapiga vigelegele siku yako na nitakuwa wa kwanza kupokea baraka yako. Lakini achia cha baba yako. Kama unataka cha baba yako, rudi ulime. Wazee waliokutaja wapo, nimeshawaambia, na wao wanasubiri. Usinijibu kwa Paroko. Nijibu mimi."

Amesema niishie hapo. Nilitaka kuongeza moja langu, nimeona mkono umeinuka.

Isdori

*

Würzburg
3 Julai 1994

Isdori,

Msomee mama barua iliyomo ndani ya hii. Msomee yote, polepole, na usiichezee sauti. Nimemwomba msamaha, na hilo ni kati yangu na yeye.

Wewe nakuandikia haya tu. Nimechagua altare. Nimewaandikia mzee Nestory na Paroko kwamba barua yangu ya Aprili haina nguvu. Urithi nimeuachia, na nimewaomba wazee wampe mama yangu. Mama yangu, Isdori, si wewe. Usijipake mafuta.

Kupewa upadre kwangu kumeahirishwa. Usiulize, maana sitakujibu.

Nimekaa na barua zako zote mezani. Kila ulichosema juu yangu kina ukweli ndani yake, na hakuna hata kimoja ulichokisema kwa sababu ya ukweli. Ulitaka mashine. Ungeweza kusimama upande wowote ambao mashine ipo.

Usiniandikie tena.

Polikarp

*

Kasote, njia ya Kipili
27 Novemba 1994

Kaka,

Ulisema nisikuandikie. Nakuandikia. Utafanya nini, utaleta askari?

Wazee walikaa, pombe ikanywewa, mama mkubwa Epifania ndiye mwenye mji sasa. Siku hiyo nilicheza mpaka viatu vikafungua midomo. Kesho yake nikamwendea, nimechana nywele, nikamwambia, "Mama mkubwa, sasa ule mstari mmoja."

Akasema, "Mashine ije. Ulezi ukishavunwa."

"Ulezi? Huo ni mwakani katikati!"

"Ndiyo. Si ninyi mlioita watu wakalima ntumba? Mtu hatolewi mpaka avune. Ulimwambia Paroko hivyo."

"Lakini nafasi ya kibanda niliiacha katikati!"

"Niliiona iko wazi," akasema. "Nimeshailima."

Nikaenda Mazwi kumbembeleza Muhidin. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Bwana mdogo, injini haili maharage. Haiwezi kukaa kungoja." Akaipakia kwenye lori, akaileta huku Kasote, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka nyumbani. Nami nikapanda juu yake nikaja nayo. Ungekuwa wewe ungebaki kusali.

Basi nisikilize vizuri. Huku hakuna mashine nyingine, na mwenye ufunguo ni mimi. Wazee wazima wananiamkia "habari za asubuhi, fundi". Nina kofia, nina kiti, nina kivuli. Nikisema leo mkanda umechoka, kijiji kizima kinalala na njaa ya ugali. Wewe ulisoma miaka yote hiyo kuwajua watawala, mimi nimefika kwa lori.

Mwezi uliopita alitokea mtu mmoja, Maganga, Msukuma wa wale waliohamia na ng'ombe wao. Akauza ng'ombe, akataka naye alete mashine. Muhidin akaja, tukakaa na mwenyekiti wa hapa, tukamweleza vizuri, akaelewa. Maganga amekataliwa. Sasa mahindi ya Maganga yanasagwa kwangu, na nikimwona mke wake namwambia, "Dada, rudi nyuma kidogo, wenye subira wapite." Hana pengine pa kwenda. Usinitolee macho. Mashine ina gharama.

Mama mkubwa alikuja wiki iliyopita. Kwa miguu, na goti lile, na mahindi kichwani. Wakati Kalembwe mashine ya parokia ipo, na nasikia siku hizi Adolfu hamrudishi mtu nyuma, anaogopa akina mama. Nilimwona kwa mbali, nikazima injini, nikamkimbilia. "Shikamoo mama mkubwa! Pita huku mbele, hawa watasubiri!"

"Marahaba," akasema. "Nimekuja kusaga."

Akapita foleni yote mpaka mwisho, akatua mzigo nyuma ya mke wa Maganga. Nikamfuata, nikamsihi, watu wanatazama. Hakuinuka. Nikarudi kuwasha injini, maana watu wameanza kunung'unika. Wakaongea wale wawili mpaka jua likainama, na mimi sikusikia hata neno, mashine inanguruma. Zamu yake ilipofika akasaga, akajitwika unga wake, akaondoka na mke wa Maganga, wanashikana mikono penye utelezi.

Mwandikie umuulize walikuwa wanasema nini. Mimi nimeshauliza, hanijibu.

Isdori